Kukarabati bafu au kuongeza la pili: ni lipi huipandisha thamani nyumba nchini Uganda?

Mwenye nyumba wa Kira, Mukono au Entebbe aliyeweka akiba ya shilingi milioni kadhaa, na ambaye bafu lake limechakaa, huwa na maswali mawili ambayo mara nyingi huyachanganya yakawa moja: kama bafu jipya litamfaa yeye na watu wake, na kama litaiongezea nyumba bei. Jibu la swali la kwanza analo mwenyewe kila asubuhi anapooga. La pili ni gumu zaidi, kwa sababu fedha iliyoingia ukutani si lazima itoke tena siku ya kuuza. Makala haya yanalinganisha njia nne za kuitumia fedha hiyo: kufanya ukarabati mdogo, kubomoa na kulijenga bafu upya, kuongeza bafu au choo cha pili, na kuliacha bafu lilivyo ili fedha iende kwenye maji na maji taka.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime anapoendelea kusoma. Nchini Uganda bafu huongeza thamani linapomwondolea mnunuzi au mpangaji hofu, au linapoihamisha nyumba kutoka daraja moja la soko kwenda jingine. Bafu ambalo tayari linafanya kazi vizuri, likipambwa zaidi, humwongezea mwenyewe raha, na kwenye bei huongeza kidogo sana.

Anayetafuta jibu kwenye intaneti hukutana kwanza na hesabu za Marekani, ambako ripoti ya kila mwaka iitwayo Cost vs. Value hulinganisha gharama ya ukarabati na kiasi kinachorudi nyumba inapouzwa. Katika toleo la 2024, bafu lililokarabatiwa kwa kiwango cha kati lilirudisha takribani asilimia 74 ya gharama, na la kifahari takribani asilimia 45. Mambo mawili katika hesabu hizo yanatufaa hata huku: ukarabati haukujilipa wote, na kadiri anasa ilivyozidi ndivyo sehemu iliyorudi ilivyopungua. Asilimia zenyewe, hata hivyo, haziwezi kuhamishiwa Kampala, kwa kuwa huko Marekani karibu kila nyumba inayouzwa ina bafu ndani, maji yasiyokatika na hati isiyo na utata, na hivyo mnunuzi hubaki kulinganisha mapambo. Mnunuzi wa hapa bado anahangaika na mambo yaliyo chini ya mapambo.

Bei ya nyumba hutoka wapi

Mtu anayekuja kutazama nyumba katika ploti ya futi 50 kwa 100 huuliza kwanza habari za ardhi: je, ni mailo (umiliki wa kudumu wa asili ya Buganda), ni miliki huru, ni ya kukodi kwa muda maalumu, au ni kibanja, yaani kipande ambacho mkaaji wake humlipa mwenye mailo kodi ya ardhi iitwayo busuulu? Jibu la swali hilo peke yake linaweza kuipandisha au kuiangusha bei kwa kiasi ambacho hakuna vigae vitakavyokifikia. Baada ya hapo huja barabara, kisha maji na umeme, kisha idadi ya vyumba vya kulala. Bafu huingia katika hesabu likiwa nyuma ya mambo hayo yote, ingawa lina nguvu moja ya pekee, nayo ni ya kumfukuza mnunuzi aliyekwisha kuridhika na mengine.

Mthamini wa benki naye kwa kawaida huipa ardhi thamani yake kwa kuilinganisha na ploti zilizouzwa jirani, kisha hulikadiria jengo kwa gharama ya kulijenga upya huku akipunguza uchakavu. Katika hesabu yake bafu ni sehemu ya hali ya jengo. Ukuta uliovimba kwa unyevu na dari yenye madoa ya maji kutoka bafu la juu humfanya aongeze kiwango cha uchakavu wa jengo zima, ilhali kubadilisha vigae vizima vya Kapeeka, vinavyotengenezwa hapa nchini, kwa vile vya kutoka Hispania hakumlazimishi kubadilisha tarakimu yoyote.

Ukarabati mdogo ukilinganishwa na kubomoa kila kitu

Ukarabati mdogo ni kuchimbua grauti iliyooza kati ya vigae na kujaza mpya, kubadilisha mabomba ya kuoshea yanayodondosha, kuweka kiti kipya cha choo na vifaa vipya ndani ya tanki la kuvutia maji, kuziba ukingo wa beseni kwa silikoni, kupaka rangi inayostahimili unyevu na, jambo ambalo watu wengi husahau, kupanua dirisha au kuweka feni ya kutoa hewa. Kazi hii humalizika kwa siku chache, na fundi mmoja mwangalifu anaitosha. Kwa anayetaka kuuza, hii ndiyo njia ambayo karibu kila mara hurudisha zaidi ya ilichokula, kwa sababu mnunuzi anayeona kigae kimoja kilichobanduka hahesabu kigae kimoja. Huhesabu bafu zima, kisha huongeza hofu yake juu ya hesabu hiyo na kuishusha bei kwa jumla ya vyote viwili.

Shemeji yangu alipouza nyumba Bweyogerere miaka michache iliyopita, niliwasindikiza watazamaji watano kwa zamu. Wote watano walifungua bomba, wanne walivuta maji ya choo, na mama mmoja aliinama akanusa tundu la sakafuni bila kuona haya. Hakuna aliyeuliza vigae vilitoka wapi. Watano ni wachache mno kuwa utafiti, lakini tangu siku hiyo nikishauriwa kuhusu bafu huanza kwa pua kabla ya macho.

Harufu hiyo, kwa bahati nzuri, mara nyingi ina tiba rahisi. Chini ya kila choo, beseni na tundu la sakafuni panatakiwa kuwa na mpindo wa bomba unaobaki na maji, ambao ndio unaoizuia hewa ya shimo isirudi ndani. Mpindo ukikosekana, au ukikauka kwa kuwa bafu halitumiki, harufu hupanda. Ukinyonywa kila choo kinapovutwa kwa sababu hakuna bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa, itapanda pia, na mwenye nyumba atamlaumu mfanyakazi wa ndani kwa uchafu ambao si wake. Kuweka bomba hilo la hewa ni kazi ya siku moja, na thamani yake mbele ya mnunuzi inazidi ya kioo chenye taa.

Kubomoa kila kitu ni jambo jingine. Hapa vigae vyote hung'olewa, plasta huondolewa hadi kwenye tofali, mabomba hubadilishwa, sakafu humwagwa upya ikiwa na mwinamo na tabaka la kuzuia maji, kisha vigae na vyombo vipya hufuata. Sababu moja inatosha kuhalalisha gharama hiyo: mabomba ya zamani ya chuma yaliyoota kutu ndani ya kuta, ambayo hupunguza nguvu ya maji, huyatia rangi ya kahawia na siku moja hupasuka. Nyumba nyingi za zamani za Kololo, Mbuya na Jinja zina mabomba ya namna hii, na kubandika vigae vipya juu yake ni sawa na kumvika mgonjwa kanzu mpya. Mabomba ya plastiki ya PPR yanayounganishwa kwa joto ndiyo yanayotumiwa na mafundi wengi siku hizi, na mnunuzi anayejua mambo humwuliza muuzaji kama yamewekwa.

Lakini pasipokuwa na tatizo la mabomba au la unyevu, kubomoa ili kuuza ni hasara. Wiki tatu au nne za kazi, ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 18 uliokwisha kuingia katika bei za vifaa vya dukani, na hatari ya kuchagua rangi ambayo mnunuzi ataichukia, vyote hubebwa na muuzaji peke yake. Akikopa fedha hiyo benki, ambako riba ya mkopo wa shilingi mara nyingi huzidi asilimia 15 kwa mwaka, na nyumba ikakaa sokoni mwaka mzima, faida ndogo iliyokuwapo huwa imekwisha kuliwa.

Kuongeza bafu au choo cha pili

Hapa ndipo ulinganisho unapogeuka. Nyumba ya vyumba vitatu yenye bafu moja, na nyumba ya vyumba vitatu ambayo chumba kikuu kina bafu lake, haziwekwi na dalali katika kundi moja. Hata choo cha wageni kilichobanwa karibu na sebule, chenye beseni dogo tu la kunawia, huihamisha nyumba kwenda kundi la juu, kwa kuwa familia nyingi za Uganda hupokea wageni na jamaa mara kwa mara, na hakuna anayependa mgeni apite mbele ya vyumba vya kulala. Nikiwa na fedha ya kujenga bafu moja upya au ya kuongeza choo kidogo cha pili, na bafu la kwanza likiwa linatumika bila shida, nitachagua choo cha pili bila kusita.

Gharama yake hutegemea mahali zaidi ya ukubwa. Choo kipya kikiegemea ukuta ambao tayari una mabomba upande wa pili, fundi bomba hufupisha kazi kwa nusu. Kikiwekwa upande wa pili wa nyumba, bomba la maji taka la inchi 4 litahitaji mwinamo wa kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita hadi kwenye tanki la maji taka, na katika nyumba ndefu mwinamo huo unaweza kudai sakafu ichimbwe vyumba viwili au vitatu. Kwa vilima vya Kampala kuna nyumba ambazo tanki lake liko juu kuliko mahali pa choo kinachokusudiwa. Hapo mpango ufe mapema, kabla ya kununuliwa hata mfuko mmoja wa saruji.

Ni sehemu ndogo tu ya Kampala iliyounganishwa na mabomba ya maji taka ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka. Wengine wote hutegemea tanki la septiki na shimo la kunyonya, au choo cha shimo. Kwa hiyo choo cha pili si chombo cha kauri tu, bali ni mzigo mpya kwa tanki ambalo pengine lilijengwa kwa watu wanne. Tanki dogo hujaa haraka, na kila linapojaa huitwa gari la kunyonya ambalo hupeleka uchafu kwenye mitambo ya Lubigi au Bugolobi, kwa malipo. Katika maeneo ya bondeni kama Bwaise, ambako maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, shimo la kunyonya halinyonyi kitu wakati wa mvua, na bafu la pili linaweza kuwa chanzo cha aibu badala ya thamani.

Kutoka nje ya kuta zilizopo ili kupata nafasi ni ujenzi, na kwa Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 ujenzi unataka kibali cha kamati ya majengo ya mahali husika. Wengi huona kibali ni usumbufu, lakini mnunuzi anayetumia mkopo huulizwa na benki ramani zilizoidhinishwa, na chumba ambacho hakimo katika ramani humfanya asite.

Nyumba za kupangisha, na hesabu ya mizigo

Vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, ambavyo Waganda huviita mizigo (jina ambalo msemaji wa Kiswahili hulisikia kwa tabasamu kidogo), kwa kawaida hutumia vyoo na mabafu ya pamoja nyuma ya jengo. Mwenye mizigo hujiuliza kama aboreshe vyoo hivyo vya pamoja au aingize bafu na choo ndani ya kila chumba.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jengo lina vyumba vinne, kila kimoja pango lake ni shilingi 150,000 kwa mwezi, jumla 600,000. Ili kupata nafasi ya mabafu ya ndani, chumba kimoja hugawanywa na kupotea, vikabaki vitatu. Pango la kila kimoja likifika 200,000 tu, jumla ni ile ile 600,000 na fedha ya ujenzi imekwenda bure. Likifika 250,000, jumla ni 750,000, yaani ongezeko la 1,800,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya kubomoa chochote, mwenye nyumba atembee mtaani kwake aulize vyumba vyenye choo ndani vinapangishwa kwa kiasi gani hasa. Karibu na Makerere au Kyambogo, ambako wanafunzi na wafanyakazi vijana hulipia faragha, pengo kati ya aina hizo mbili linaweza kuwa kubwa. Pembezoni mwa mji mdogo linaweza lisiwepo kabisa, na hapo choo safi cha pamoja cha kuchuchumaa, chenye mlango unaofunga na taa, ndicho kinachowabakiza wapangaji. Choo cha kuchuchumaa, kwa matumizi ya watu wengi, huaminiwa zaidi kuliko cha kukaa, na huvunjika mara chache.

Kwa nyumba nzima yenye mpangaji ndani, hesabu ni kali zaidi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inazuia pango lisipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Nyumba ya 500,000 kwa mwezi inaweza kupanda hadi 550,000, sawa na nyongeza ya 600,000 kwa mwaka. Mamlaka ya Mapato humtoza mtu binafsi asilimia 12 ya mapato ya pango yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kumruhusu kutoa gharama zake kwanza. Hivyo hubaki 528,000. Bafu lililogharimu milioni 5 litachukua zaidi ya miaka tisa kujilipa, na huenda mwenye nyumba angelipandisha pango hilo hata bila kugusa kigae kimoja. Faida halisi ya ukarabati kwa mpangishaji iko kwingine: mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu humpotezea 500,000, karibu sawa na nyongeza ya mwaka mzima. Bafu lisilovuja na lisilonuka humfanya mpangaji asihame, na kwa lengo hilo ukarabati mdogo unatosha.

Bafu au maji

Njia ya nne huwaudhi wapenda mapambo, lakini ina nguvu zake. Bafu lenye mvua ya kisasa ya kuogea, katika mtaa ambao maji hukatika siku mbili kwa wiki, ni chumba cha kuhifadhia ndoo. Tanki la lita 2,000 au zaidi juu ya mnara, likiwa na bomba linaloingia ndani ya nyumba na mifereji ya kulijaza maji ya mvua, hulifanya bafu la kawaida lifanye kazi kila siku, na mtazamaji huliona akiwa bado getini. Kama nyumba haina tanki, ningeanza nalo kabla ya kufikiria vigae.

Maji ya moto hutegemea mahali. Kabale, ambako asubuhi ni baridi kweli, mpangaji huuliza habari zake kabla ya mengine. Gulu na Arua watu wengi huoga maji ya baridi wasijali. Hita ya papo kwa papo ni rahisi kununua, lakini huvuta kilowati 5 na zaidi, hutaka waya wake peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme pamoja na waya wa ardhi ulio salama, na humaliza yuniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kasi inayowashangaza wageni wake wapya. Hita ya jua ni ghali mwanzoni, ila huwa sehemu ya nyumba na huweza kutajwa katika tangazo la mauzo.

Beseni kubwa la kulala ndani ya maji naliweka mwisho kabisa. Hula nafasi na maji, na mnunuzi mwenye watoto au wazee huliona ni kikwazo. Bomba fupi la chini la kujazia ndoo au beseni dogo la kuogea na bomba dogo la kunawia pembeni ya choo, ambalo familia za Kiislamu hulitazamia na wengine hulizoea upesi, hugharimu kidogo na hutumika kila siku.

Nani achague nini

Anayeuza ndani ya mwaka mmoja afanye ukarabati mdogo, amalize harufu na unyevu, na fedha inayobaki aitumie kunyoosha karatasi za ardhi. Anayepangisha aangalie kwanza pengo la pango mtaani kwake, kisha aamue kati ya choo cha pamoja kilichoboreshwa na vyumba vyenye choo ndani. Anayekusudia kuishi miaka kumi au zaidi yuko huru kuliko wote: ajenge bafu analolipenda, alihesabu kuwa ni matumizi kama gari au sherehe, na asimwambie mkewe au mumewe kwamba ni uwekezaji.

Njia yoyote itakayochaguliwa, ikiwa sakafu imemwagwa upya, jaribio hili lifanywe kabla vigae havijabandikwa na kabla fundi hajalipwa sehemu ya mwisho: tundu la sakafuni lizibwe, maji yajazwe hadi kina cha sentimita mbili au tatu, alama ya kalamu iwekwe ukutani kwenye usawa wa maji, na bafu lifungwe kwa saa 24. Kesho yake fundi na mwenye nyumba waingie pamoja, watazame alama, kisha watazame ukuta wa chumba cha jirani na dari ya chini.